Saini Iliyokosa Ufunguo

Mjukuu wangu ananiambia kwamba siku hizi barua pepe ikiwa na mashaka, simu yenyewe huweka alama nyekundu, na mtu anaifuta bila kuuliza swali. Hongereni. Sisi tulikuwa na bahati mbaya ya kulazimika kufikiri.

Mimi watu waliniita Mama Ciku, na mpaka leo wananiita hivyo ingawa Ciku mwenyewe ana mvi. Nilifanya kazi ya barua pepe mjini Nyeri miaka ya tisini ikielekea kuisha, katika chumba cha orofani juu ya duka la vitambaa. Msidhani kila mtu alikuwa na barua pepe mfukoni kama ninyi. Mteja aliandika barua yake kwa kalamu, akaniletea, nikaipiga chapa. Jioni modemu ilipiga simu Nairobi ikikwaruza kama msumari kwenye bati, ikatuma zetu na kuchukua zilizoingia. Asubuhi nilizichapisha kwenye karatasi na kuzitia kwenye bahasha zenye majina ya wenyewe. Kwa hiyo ndiyo, nilisoma barua za watu. Nilizisoma zote. Mlitaka nichapishe nikiwa nimefumba macho?

Mwenye ofisi alikuwa Mzee Salim, mzaliwa wa Majengo pale pale Nyeri, aliyekuwa mtu wa telegramu posta hadi alipostaafu. Alizungumza Kiswahili cha kunyooka, na Kikuyu cha kututia aibu sisi wenyewe. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi, na mafundisho yake mengi yalikuwa ya aina moja: alisimama nyuma ya kiti changu akanitazama nikikosea mpaka mwisho, kisha akauliza, "Umemaliza, binti?"

Sasa, hii habari ya saini. Kulikuwa na wanunuzi wa kahawa ng'ambo waliokataa kusoma barua yoyote isiyo na saini ya kidijitali. Mzee Salim akatafuta programu ya kuzitia na kuzikagua, ikaja kwenye disketi. Wazo lenyewe ni rahisi. Mtu anatengeneza funguo mbili. Mmoja ni wa siri, anatia nao saini na hampi mtu. Wa pili ni wa umma, anaugawa kwa kila anayetaka, na huo ndio unaokagua saini yake. Barua ikifika, unaiambia mashine ikague, nayo inatoa jibu moja kati ya matatu. Saini ni sawa. Au saini ni mbovu, maana yake barua imeguswa baada ya kutiwa saini. Au: siwezi kukagua, sina ufunguo wa umma wa huyu mtu.

Majibu matatu tu. Mtoto wa nasari angeyashika. Lakini wateja wangu, wenye digrii na wasio nazo, walisikia mawili: ndiyo na mwizi. Ukimwambia mtu "mashine haiwezi kukagua", anatoka nje kutangaza kwamba ameandikiwa barua ya uwongo. Bwana mmoja wa ofisi ya majani chai kule Kangari alikuja akihema ngazi zote zile, kwamba mashine yangu imemwita mkubwa wake tapeli. Nikamwuliza kama mkubwa wake aliwahi kututumia ufunguo wake wa umma. Akasema ufunguo wa ofisi uko na bawabu.

Na hata jibu la pili, la saini mbovu, msikimbilie polisi. Sekretari mmoja wa Kutus aliniletea disketi yenye barua ya mnunuzi, analia kwamba saini ni mbovu na kahawa yao itaoza. Nikakagua, kweli, mbovu. Nikamwuliza, "Umeibadilisha hii barua?"

"Hapana! Mimi nimerekebisha tu Kiingereza chake. Huyo mzungu hajui kuweka koma."

Kuna siku nyingine kompyuta yetu ilikataa kila saini ya kila mtu. Nilitafuta kosa kuanzia asubuhi, nikaiweka programu upya, nikawatukana waliotuuzia modemu. Mzee Salim alinitazama. Mwishoni akauliza, "Umemaliza, binti? Leo ni tarehe ngapi?" Betri ndogo ya saa ya kompyuta ilikuwa imekufa, na mashine iliamini tuko mwanzoni mwa miaka ya themanini. Barua zote, kwake yeye, zilikuwa zimetiwa saini na watu wa siku za usoni. Ningekuwa mimi mashine, ningezikataa pia. Kwa hiyo kabla hamjamlaumu mtu, angalieni saa. Kisha angalieni kama mna ufunguo. Tapeli mwekeni mwisho, hana haraka.

Mwenye kuhitaji sana somo hilo alikuwa Mwalimu Njogu wa Kianyaga.

Mwalimu Njogu alikuwa hedimasta mstaafu, mtu wa kofia na fimbo, aliyetembea kama bado kuna gwaride. Binti yake Wawira alikuwa nesi mjini Nyeri. Wawira alikuwa amechumbiwa na Muriithi, kijana wa Kutus aliyekwenda ng'ambo kusomea kompyuta, na kwa sababu amesomea kompyuta, hakuweza kumwandikia mpenzi wake "habari ya asubuhi" bila kutia saini ya kidijitali chini yake. Mistari mizima ya herufi zisizosomeka. Nesi wa watu alidhani ni mashairi ya huko. Nikamweleza, tukauweka ufunguo wa umma wa Muriithi kwenye kompyuta yetu, na tangu hapo kila barua yake ilipoingia nilikagua na kuandika pembeni kwa penseli: sawa. Wawira alipenda kuliona hilo neno. Alikuwa akilitafuta kabla hajasoma barua yenyewe.

Mambo ya mahari yalikuwa yamefika mahali pazuri. Wajomba wa Muriithi walikuwa wamepanga kupanda Kianyaga na wazee wao, na mama yake Wawira alikuwa ameshaagiza mchele.

Ndipo ikaingia barua fupi. Muriithi anasema amepata kazi huko huko, hana nia ya kurudi, wazee wasipande, na Wawira asimsubiri. Chini yake, saini. Nikaiambia mashine ikague. Siwezi, ikasema. Sina ufunguo wa umma wa huyu mtu.

Nikarudia. Jibu lile lile. Saini hii ilikuwa imetiwa kwa ufunguo mwingine, si ule tuliouzoea.

Wawira alipokuja, aliisoma akiwa amesimama. Nilikuwa nimeandaa kiti na kikombe cha chai. Hakugusa hata kimoja. Aliangalia pembeni ya karatasi.

"Mama Ciku, hujaandika sawa."

"Sijaweza kukagua. Ufunguo haupo."

"Kwa hivyo si yeye."

"Sijasema hivyo."

"Lakini hujasema ni yeye."

Akaikunja barua vizuri, akaitia kwenye mkoba, akatoka akitabasamu. Nawaambieni, nimeona watu wakitoka ofisini kwangu na habari za kifo, lakini lile tabasamu ndilo lililonikosesha usingizi.

Kesho yake Mwalimu Njogu alipanda ngazi na fimbo yake.

"Mama Ciku. Ati mashine yako imesema hii barua ni ya uwongo?"

"Hapana, Mwalimu. Imesema haijui."

"Mimi nimefundisha miaka mingi. Mtoto akikwambia hajui, anajua." Akaketi. "Na mimi najua nani ameandika. Ni Gachoki."

Gachoki alikuwa na duka la dawa za shamba Kutus. Kosa lake ni kwamba alimtaka Wawira kabla ya Muriithi, akakataliwa, na akaendelea kuwasalimia watu kwa heshima, jambo ambalo Mwalimu aliliona la kutiliwa shaka sana.

"Gachoki angewezaje?" nikauliza.

"Yeye pia iko na barua pepe. Hapa hapa kwako!"

"Mwalimu, hata kwaya yenu iko na barua pepe hapa kwangu."

"Jumamosi naenda na wazee dukani kwake. Mbele ya watu. Atueleze."

Hapo ndipo nilipoona kazi yangu ilipofika. Gachoki hakuwa na mke wa kumtetea wala ndugu wengi. Duka lake lilisimama kwa jina zuri tu. Wazee wa Kianyaga wakishuka Kutus siku ya soko na kumwita mwandishi wa barua za uwongo, basi dawa zake angenyunyizia mahindi yake mwenyewe mpaka azeeke. Na yote hayo kwa sababu mashine ilisema "sijui".

Mzee Salim alikuwa akisikiliza kutoka mezani kwake. Akaweka miwani chini. "Mwalimu, tupe mpaka Ijumaa. Ukimkosea mtu sokoni, barua ya kumwomba radhi haiendi kwa modemu."

Mwalimu akakubali, kwa namna ya mtu anayempa mwanafunzi nafasi ya mwisho ili amchape vizuri.

Kulikuwa na kompyuta ng'ambo zilizohifadhi funguo za umma za watu. Ulizitumia barua yenye jina la mtu, nazo zikakurudishia ufunguo wake kama upo. Nikaandika jioni, na kesho yake ukaja: ufunguo mpya, jina la Muriithi, anwani ya Muriithi. Nikauweka, nikaikagua tena ile barua. Saini ni sawa, mashine ikasema, lakini hakuna tunayemwamini aliyethibitisha kwamba ufunguo huu ni wa mtu huyu kweli.

Wawira na baba yake walikuja pamoja kusikiliza.

"Sasa ni sawa ama si sawa?" Mwalimu akauliza.

"Saini inalingana na ufunguo," Mzee Salim akamwambia. "Ufunguo ni wa nani, bado. Kuandika jina juu ya ufunguo hakuhitaji kitambulisho. Hata mimi leo naweza kutengeneza mmoja nikaandika juu yake Mwalimu Njogu."

"Thubutu."

"Sithubutu. Nakueleza tu."

"Basi hata Gachoki angeweza."

"Hata Gachoki. Hata mimi. Hata wewe."

 Wawira alikuwa ameishika ile barua kama karatasi ya majibu ya hospitali.

Dawa ya shida hii mnatakiwa kuijua, maana hata leo ni ile ile. Huwezi kumwuliza mtu kwa barua pepe kama barua pepe ni yake. Kama anwani imeingiliwa, atakayejibu ni huyo huyo mwizi, tena kwa adabu. Lazima utoke nje ya barua. Kila ufunguo una alama yake ya kidole, msururu mrefu wa herufi na tarakimu usiofanana na wa mwingine. Unampigia mwenyewe simu, mtu anayeijua sauti yake ashike mkono wa simu, na mwenyewe asome ile alama kutoka kwake. Yeye asome, wewe uangalie kwenye kioo cha kompyuta yako. Ukisoma wewe na kumwuliza "ndivyo?", kila mwongo duniani atajibu ndivyo.

Aliyeijua sauti ya Muriithi chumbani mle alikuwa mmoja tu.

"Mwanangu, si lazima iwe wewe," Mzee Salim akamwambia Wawira. "Tunaweza kumtafuta mjomba wake."

"Niko sawa," Wawira akasema. "Sauti yake naijua hata akiwa na homa."

Tukaichomoa modemu, tukaweka simu kwenye waya ule ule. Mzee Salim akaomba laini ya ng'ambo kwa sauti yake ya posta, ile ambayo hata mafundi wa mitambo waliitii. Nambari ilikuwa ya nyumba aliyopanga Muriithi. Ikaita kwa muda mrefu. Kisha Wawira akashtuka kidogo, na nikajua amejibiwa.

"Ni mimi. Hapana, usiseme kitu. Kwanza nataka unisomee alama ya kidole ya ufunguo wako. Ndiyo. Ule mpya." Akasikiliza. "Kwa nini mpya?" Akatugeukia. "Anasema kompyuta ya kwanza iliibwa. Akatengeneza mwingine."

Hiyo ndiyo sababu yenyewe, vijana. Siri yote ya barua iliyotikisa Kianyaga na Kutus: mtu ameibiwa kompyuta na hakukumbuka kutuma ufunguo mpya. Miaka yangu yote kazini, barua tisa kati ya kumi zilizoshindikana kukaguliwa zilikuwa hivyo, na ya kumi ilikuwa betri ya saa.

Akaanza kusoma. Lakini laini ilikuwa na mwangwi, na Muriithi, pamoja na masomo yake yote, bado alikuwa mtoto wa Kutus. B yake ilitoka "mbii", D yake ikatoka "ndii", na kutoka ng'ambo zote zilifika zikiwa mama mmoja baba mmoja. Wawira akachanganyikiwa. Mzee Salim akamwandikia kwenye karatasi maneno ya kutumia badala ya herufi sita za alama hizo, kama walivyofanya kwenye telegramu: asali, bata, chai, duka, Embu, figo. Wawira akamsomea Muriithi maneno hayo, wakaanza upya.

Basi hapo palikuwa na kijana aliyemwacha mchumba wake, anamsomea kwa simu bata na figo, naye mchumba anarudia moja moja huku akifuata kwa kidole kwenye kioo cha kompyuta.

"Tatu, Embu. Bata, saba. Duka, duka. Chai, sifuri."

Mwalimu alikuwa amesimama mlangoni, kofia kichwani, fimbo mkononi. Alikuwa tayari kushuka Kutus siku ile ile. Mimi niliona kioo, lakini sikusikia simu. Mzee Salim hakusikia. Alichosema Muriithi kilisikika kwa sikio moja tu chumbani.

Kidole cha Wawira kilifika mstari wa mwisho, kikasimama.

Modemu iliyochomolewa ilikuwa mezani, taa zake zimezima. Nilimtazama usoni nikaelewa, na nadhani Mzee Salim alielewa pia, maana aliangalia sakafu. Wawira angesema tu "hapana, hazilingani". Neno moja. Muriithi angebaki mwanamume mwema aliyeibiwa jina, mchele wa mama ungepikwa, na Gachoki angebeba mzigo. Nani angembishia?

"Wawira?" baba yake akaita.

"Figo, nne," Wawira akasema. "Iko sawa. Yote iko sawa."

Kisha akamwuliza yule mtu, polepole, "Hii barua umeandika wewe?" Akasikiliza. Jibu lilikuwa refu. Baadaye aliniambia kwamba lilikuwa na habari za uchumi, baridi, na mipango ya maisha, na kwamba "ndiyo" lilikuwa neno la mwisho kabisa. Akaweka simu chini.

"Ni yeye, Baba."

Mwalimu Njogu alivua kofia. Kwa mara ya kwanza nilimwona akiwa mzee. Alitafuta kiti kwa mkono kabla hajakaa.

"Na Gachoki?"

"Gachoki anauza dawa za mahindi."

Nilikuwa na maneno mengi ya faraja tayari, na ninamshukuru Mungu kwamba Mzee Salim alinitangulia kwa kuuliza nani anataka chai. Safari hii Wawira alikunywa. Alikunywa vikombe viwili na kulia kwenye cha pili, na baba yake akashika mkoba wake kama bawabu.

Hakuna aliyekwenda dukani kwa Gachoki na wazee. Mwalimu alikwenda peke yake, wiki iliyofuata, akanunua pampu ya kunyunyizia dawa ambayo hakuihitaji hata kidogo, na hakuomba apunguziwe bei. Gachoki mwenyewe alinisimulia jambo hilo akiwa na wasiwasi. Alidhani mzee anaumwa. Wakati huo hakujua alivyoponea chupuchupu, na sikumwambia mpaka wote tulipozeeka. Na msianze kutabasamu: hapana, Wawira hakuolewa na Gachoki. Alikuwa hamtaki tangu mwanzo, na yeye alikuwa mtu wa kusema anachotaka.

Hadithi hii naisimulia kwa ruhusa yake. Aliniambia tu nisiongeze chumvi, hasa kwenye sehemu ya kulia.

Siku zikapita. Diski ya kompyuta yetu ikafa, kama zilivyokuwa zikifa zote wakati ule, na funguo za umma tulizokusanya zikaenda nayo. Tukaanza kuziomba upya, mteja mmoja mmoja. Ndipo ikaingia barua ya Muriithi. Kazi iliisha. Amefikiria upya. Anauliza kama wazee wanaweza kuzungumza tena. Saini chini, ndefu kama zamani.

Wawira alikuja siku yake ya mapumziko, akiwa na mfuko wa viazi kutoka sokoni. Akaisoma amekaa, mguu juu ya mguu.

"Umekagua?"

"Siwezi. Ufunguo wake ulipotea na diski. Lakini nikiuomba leo jioni, kesho tutakuwa nao."

"Acha," akasema. "Andika jibu."

Nikaweka vidole tayari. Alifikiri kidogo, akanitajia, nami nikapiga chapa kama alivyosema: *Barua yako imefika. Mashine inasema haikujui. Mimi pia.*

Nikangoja. Hapakuwa na zaidi.

"Niitie saini?" nikauliza. Tulikuwa tumeshamtengenezea Wawira funguo zake, naye alijivunia.

Akachukua mfuko wake wa viazi, akasimama.

"Ya nini, Mama Ciku? Yeye ananijua."